Jembe, nyumba na kura za maoni: namna ya kuandika historia ya uchaguzi wa Chalinze

Swali: Ninafundisha Historia kata ya Miono, jimbo la Chalinze. Mimi na wanafunzi wangu tumeamua kuandika historia ya uchaguzi wa jimbo letu tangu uhuru: nani aligombea, nani alishinda, kwa kura ngapi. Tumekusanya kutoka magazetini na kwa wazee, lakini kila tukilinganisha hesabu hazikai. Mzee mmoja anasema zamani jimbo lilikuwa Bagamoyo, mwingine anasema mbunge wake wa kwanza alimpigia kura "ya jembe". Na asilimia za gazeti hili si za gazeti lile. Tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, wazee wako wote wawili wamesema kweli. Penye tatizo ni kwenye swali lenyewe, kwa sababu linachukulia kwamba Chalinze ilikuwapo tangu uhuru, ikakaa palepale, ikawa inabadilisha wabunge tu. Haikuwa hivyo. Kuna mambo mawili yaliyokuwa yakibadilika chini ya miguu ya mpiga kura wa Miono: ardhi iliyohesabiwa kuwa jimbo lake, na lango ambalo mgombea alipaswa kulipita kabla jina lake halijafika kwenye karatasi ya kura. Mkiandika orodha ya washindi bila mambo hayo, mtapata jedwali zuri la kubandika ukutani lisiloeleza kitu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa ndilo litakalowapoteza wanafunzi siku ya kwanza wakifungua magazeti ya kale. Katika miaka ya 1950 "jimbo" halikuwa eneo la mbunge. Lilikuwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni, ile ambayo baada ya uhuru ikagawanywa na kuitwa mikoa. Bagamoyo ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki pamoja na Morogoro, Kilosa, Kisarawe, Rufiji na kwingineko. Tanga lilikuwa jimbo peke yake. Kwa hiyo mkikuta gazeti la 1958 linasema mgombea fulani anasimama Jimbo la Mashariki, msidhani ni makosa ya uchapaji. Uchaguzi ule ulitumia majimbo hayo makubwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisimama Jimbo la Mashariki akashindana na Patrick Kunambi. Mtu wa Miono mwenye sifa ya kupiga kura alikuwa anachagua mwakilishi mmoja na mtu wa Kilosa.

Mwenye sifa, nasema, maana hawakuwa wengi. Ilitakiwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au wadhifa uliotambuliwa. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 60,000. Na kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. TANU ilibishana mno juu ya sharti hilo kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki. Kwa kazi yenu, uchaguzi huo uandikeni kama dibaji. Hauna takwimu za Bagamoyo peke yake zinazoweza kupangwa safu moja na za miaka ya baadaye.

Agosti 1960 ndipo palipokuwa na viti 71, TANU ikachukua 70, na 58 kati ya viti vyote havikuwa na mpinzani. Hicho kimoja kilichobaki, Mbulu, kilikwenda kwa mgombea binafsi ambaye naye alikuwa mwana-TANU. Msitegemee kupata hesabu nyingi za kura hapa. Penye mgombea mmoja hapakuwa na sanduku.

Sasa twende kwa mzee wa jembe.

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja, na utaratibu wake ndio uliodumu, kwa mabadiliko madogo, hadi 1990. Waliotaka ubunge walijitokeza wilayani. Mkutano mkuu wa wilaya wa chama uliwapigia kura za kuwapanga, wa kwanza hadi wa mwisho. Majina yakapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha mawili tu, na haikulazimika kufuata mpangilio wa wilaya. Hao wawili, wote wa TANU na baadaye wote wa CCM, ndio walioshindanishwa mbele ya wananchi. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Kampeni ziliandaliwa na chama, wagombea wote wawili wakapanda jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili tu, na hawakuruhusiwa kuwanadi watu kwa kabila, dini wala rangi. Kwa wilaya yenye Wakwere, Wazigua, Wadoe na Wazaramo, na ambayo kila tarafa ina msikiti wake na kumbukumbu zake, masharti hayo hayakuwa ya maneno matupu.

Kwa hiyo mzee akisema "nilimpigia jembe", ameshawapa taarifa mbili: kwamba ni uchaguzi wa kati ya 1965 na 1990, na kwamba mshindani wake alikuwa nyumba. Hajawaambia chama, kwa sababu hapakuwa na chama cha kutaja. Kosa linaloonekana mara kwa mara katika kazi za aina hii ni kuwajazia wagombea hao wawili safu ya chama kisha kuandika "TANU 100%". Hesabu hiyo ni sahihi na haina maana yoyote. Uchaguzi ulikuwa wa mtu na mtu, na watu waliutumia: mwaka 1965 hata mawaziri wawili waliangushwa. Safu ya chama kwa miaka hiyo ifuteni. Badala yake wekeni safu ya alama, na safu ya nafasi ambayo mgombea alishika kwenye kura za wilaya, mkiipata. Jina lililokuwa la tatu wilayani likarudishwa na Halmashauri Kuu, kisha likashinda kwa wananchi, lina habari kubwa kuliko idadi ya kura zake.

Tena wanafunzi wachunge jambo hili: Bunge la wakati ule lilikuwa na wabunge wengi ambao hawakutoka majimboni. Wakuu wa mikoa waliingia kwa wadhifa wao, wengine waliteuliwa na Rais, wengine waliwakilisha jumuiya na taasisi. Leo nako kuna wabunge wa viti maalumu, ambao magazeti hupenda kuwaita "mbunge wa Pwani". Hakuna jimbo linaloitwa Pwani. Mtu anaweza kuwa amezaliwa Bagamoyo, akawa mbunge miaka 10, na asiwahi kuwa mbunge wa Bagamoyo.

Mipaka ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapa sitapita haraka.

Jina la Chalinze litafuteni kwenye uchaguzi wa vyama vingi, kuanzia 1995. Nyuma ya hapo tafuteni chini ya Bagamoyo. Jimbo lilitangulia halmashauri: Chalinze ilikuwa na mbunge wake kwa takriban miaka 20 kabla haijapata halmashauri yake ya wilaya katikati ya miaka ya 2010. Muda wote huo karatasi zake zilipita Bagamoyo, kwa sababu msimamizi wa uchaguzi kwa kawaida alikuwa mkurugenzi wa halmashauri. Anayekwenda ofisi za Chalinze kuulizia matokeo ya 2000 atarudi mikono mitupu, kisha atawaandikia wenzake kwamba kumbukumbu zimepotea. Hazijapotea, ameuliza mlango usio wake. Vivyo hivyo na sensa: kitabu chenye mstari mmoja wa "Bagamoyo" kinaweza kuwa kimejumlisha majimbo yote mawili.

Watu wa Tanga wanaijua shida hii vizuri. Bumbuli ilikuwa jimbo zamani ikiwa ndani ya Halmashauri ya Lushoto, pamoja na majimbo ya Lushoto na Mlalo, ndipo baadaye ikapewa halmashauri yake. Kilindi ilikatwa kutoka Handeni, na Mkinga kutoka Muheza. Kisha Handeni yenyewe ikapata jimbo la mjini mwaka 2015. Ukilinganisha "Handeni 2010" na "Handeni Vijijini 2015" bila kusema neno, umelinganisha shamba zima na nusu yake.

Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi ichunguze mgawanyo wa majimbo angalau kila baada ya miaka 10. Matokeo yake mnayaona kwenye hesabu ya nchi: majimbo 232 mwaka 2005, 239 mwaka 2010, 264 mwaka 2015 na 272 mwaka 2025, yakiwemo 50 ya Zanzibar. Tangazo la kila mabadiliko huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na huko hutajwa kata zinazounda jimbo. Hilo ndilo karatasi la kwanza la kutafuta, kabla ya matokeo ya aina yoyote.

Kwa sababu hiyo jedwali lenu lisijengwe kwa jimbo, lijengwe kwa kata. Chukueni kata za leo za Chalinze: Miono, Mkange, Kibindu, Mbwewe, Kimange, Mandera, Msata, Lugoba, Msoga, Talawanda, Kiwangwa, Bwilingu, Pera, Vigwaza, Ubenazomozi, kila moja mstari wake. Safu ziwe miaka ya uchaguzi. Kisha kwa kila mwaka ulizeni kwanza: je, kata hii ilikuwapo? Kama haikuwapo, ilikuwa ndani ya ipi? Kata iliyozaliwa kwa kugawanywa iandikwe pamoja na jina la mama yake kwenye safu ya pembeni, na mnapolinganisha miaka miwili, jumlisheni mama na watoto wake wote kabla ya kutoa asilimia. Msifanye kinyume. Kura za zamani za kata mama hamwezi kuzigawa baina ya watoto kwa kukadiria idadi ya watu, maana hapo mtakuwa mnatunga. Mpaka wa kitongoji nao huhama, lakini kwa kazi ya darasa ishieni kwenye kata. Mkishuka hadi vituo mtazama: kituo kimoja hupangiwa watu mia nne na kitu au mia tano hivi, wakizidi hufunguliwa kingine pembeni, na namba za vituo haziendelei kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine.

Baada ya mipaka, washindi wa Chalinze ni kazi ya asubuhi moja. Jakaya Kikwete alishika kiti hadi 2005 alipochaguliwa kuwa Rais. Akafuata Ramadhani Maneno, 2005 hadi 2010. Akafuata Said Bwanamdogo, 2010 hadi alipofariki Januari 2014. Uchaguzi mdogo wa 6 Aprili 2014 ukamwingiza Ridhiwani Kikwete, ambaye Oktoba 2015 alichaguliwa tena. Majirani zenu wa Bagamoyo walikuwa na Shukuru Kawambwa kuanzia 2005 hadi 2020. Wote CCM.

Tazama vizuri hapo penye 2010. Mbunge amebadilika, chama hakikubadilika. Maana yake mabadiliko yalikwisha kutokea kabla ya wananchi kwenda kituoni Oktoba 31. Yalitokea ndani ya chama. Ndiyo hali ya majimbo mengi ya vijijini ya Pwani na Tanga: ushindani wa kweli uko kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumtafuta mgombea wake, na siku ya uchaguzi mkuu ni kukamilisha. Bumbuli ilionyesha hilo waziwazi mwaka huohuo, William Shellukindo, mbunge wa miaka mingi, alipoangushwa na January Makamba kwenye kura za maoni. Atakayesoma matokeo ya uchaguzi mkuu peke yake ataona CCM imeshinda Bumbuli kama ilivyozoea, na tukio kubwa kabisa la siasa za jimbo lile litampita.

Kwa hiyo kila mwaka tangu 1995 wekeni mistari miwili: kura za maoni, kisha uchaguzi mkuu. Lakini kura za maoni zina mtego wake, nao ni nani aliyeruhusiwa kupiga. Kwa muda mrefu walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, watu mia kadhaa ukumbini. Mwaka 2010 na 2015 CCM ilifungua mlango kwa wanachama wote kwenye matawi, kura zikawa za maelfu. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe, na 2025 ikapanua tena idadi yao. Mgombea aliyepata kura 300 mwaka 2020 huenda alikuwa na nguvu kuliko aliyepata 3,000 mwaka 2015. Andikeni nafasi na asilimia, msiandike kura tupu. Tena kumbukeni kwamba aliyeongoza siye lazima aliyeteuliwa. Vikao vya juu vina neno la mwisho, kama ilivyokuwa enzi za jembe na nyumba. Utaratibu umebadilisha nguo, umbo lake ni lilelile, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzi wa kuunganisha miaka 60 ya historia mnayotaka kuiandika.

Mmeuliza kuhusu asilimia. Mara nyingi magazeti mawili yanayotofautiana yote yako sahihi, ila kila moja limegawanya kwa namba yake. Chukueni mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Jimbo lina wapiga kura 90,000 walioandikishwa. Waliojitokeza ni 40,500. Kura 1,500 zimeharibika, zimebaki halali 39,000. Mshindi amepata 26,000. Ukigawanya kwa kura halali, amepata 66.7%. Ukigawanya kwa kura zote zilizopigwa, ni 64.2%. Ukigawanya kwa walioandikishwa, ni 28.9%. Waliojitokeza nao ni 45%. Tume hutumia kura halali kwa mshindi na walioandikishwa kwa mahudhurio, basi nanyi fanyeni hivyo, na hesabu zote zifanyeni upya wenyewe kutoka kwenye kura. Msinakili asilimia ya mtu yeyote, hata ya Tume. Jedwali lisilo na safu za "walioandikishwa", "waliopiga", "zilizoharibika" na "halali" haliwezi kukaguliwa.

Mahudhurio ni mtego mwingine. Kitaifa, kwa kura za Rais, mwaka 2005 walijitokeza 72.4%, mwaka 2010 wakawa 42.8%, mwaka 2015 wakawa 67.3%, mwaka 2020 wakawa 50.7%. Mwanafunzi ataandika kwamba mwaka 2010 watu walikata tamaa. Huenda, lakini kwanza atazame daftari. Hadi mwaka 2000 daftari liliandikwa upya kwa kila uchaguzi mkuu, kwa hiyo aliyeandikishwa alikuwa mtu aliyejisogeza mwenyewe miezi michache tu kabla. Daftari la Kudumu likaanzishwa 2004 na kutumika 2005. Kufika 2010 lilikuwa limebeba waliofariki, waliohama, waliojiandikisha mara mbili. Mwaka 2015 watu wakaandikishwa upya kwa alama za vidole. Kigawanyo kikivimba, asilimia hushuka hata kama miguu iliyofika kituoni ni ileile. Kwa jimbo kama Chalinze, ambalo vijana wake huhamia Dar es Salaam na wafugaji huhama na mifugo, uvimbe huo si mdogo. Dawa yake ni kuweka pia idadi kamili ya waliopiga kura, na pembeni idadi ya watu wazima kutoka sensa iliyo karibu, ya 2002, 2012 au 2022.

Uchaguzi mdogo wa 2014 uwekeni kwenye jedwali, lakini kwa rangi nyingine. Hauna kura ya Rais wala ya diwani ya kuwavuta watu, na ulifanyika 6 Aprili, masika yakiwa yameshika. Anayeijua barabara ya Kibindu wakati wa mvua haulizi kwa nini mtu hakufika kituoni. Tangu vyama vingi, chaguzi kuu huangukia Oktoba, isipokuwa ule wa 2005 uliosogezwa kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki. Mabango na karatasi nyingi za mwaka ule bado zina tarehe ya Oktoba, basi wanafunzi wasizikatae wala wasizinakili. Na kama kiti kitakuwa wazi Bunge likiwa limebakiza miezi 12 au pungufu kuvunjwa, uchaguzi mdogo haufanyiki. Pengo la namna hiyo kwenye orodha si uzembe wa mwandishi.

Kupita bila kupingwa nako kunahitaji uangalifu. Korogwe Vijijini, baada ya Stephen Ngonyani kufariki Julai 2018, Timotheo Mnzava alitangazwa mbunge bila kura kupigwa. Mstari wa namna hiyo msiujaze 100%, wala msiweke sifuri kwenye mahudhurio. Andikeni "hapakupigwa kura", na kando yake sababu: wengine hawakurudisha fomu, au walienguliwa, au hawakujitokeza kabisa. Ni mambo matatu tofauti. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imebadilisha hilo, mgombea akibaki peke yake sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana, kwa hiyo kuanzia 2025 mtahitaji safu ya "hapana".

Neno fupi kuhusu upinzani. Mkiona kura za CUF au CHADEMA zimetoweka ghafla mwaka 2015, angalieni kwanza kama chama kilisimamisha mgombea. Vyama vinne vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilikuwa vimegawana majimbo. Chama kilichoachia jimbo hakikupoteza wafuasi.

Vyanzo, kwa mpangilio wa kuaminika kwake. Ripoti ya Tume inayotolewa baada ya kila uchaguzi mkuu ina matokeo ya ubunge kwa kila jimbo, anzeni nayo. Kura za Rais kwa jimbo ni rahisi kupatikana kwa miaka ya karibuni kwa sababu Tume huzisoma jimbo kwa jimbo, lakini ndizo hizo ambazo magazeti huziandika kwa haraka chini ya kichwa cha habari cha "matokeo ya Chalinze", na mtu akazichukua kuwa za ubunge. Mwaka 2005 hatari ni kubwa zaidi, maana jina la Kikwete lilikuwa kwenye karatasi ya Rais, na wapiga kura wa Chalinze walikuwa wamezoea kuliona kwenye karatasi ya mbunge. Ukikuta kura zilizopita idadi ya kura halali za ubunge, umeshika karatasi siyo. Kwa kituo kimoja kimoja, fomu ya ubunge ni 21B, ya Rais 21A, ya udiwani 21C. Nakala hubandikwa nje ya kituo na mawakala hupewa yao. Kuna mawakala wa zamani vijijini waliozitunza kwenye mikoba miaka yote hii. Mkizipata, zipigeni picha, zirudisheni, na kagueni hesabu: kura za wagombea wote jumlisha zilizoharibika lazima zilingane na zilizopigwa. Zisipolingana, mara nyingi karani alibadilisha nafasi za tarakimu, 231 ikawa 213. Tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili ya kosa hilo. Msisahihishe fomu. Andikeni kama ilivyo, na maelezo chini yake.

Kwa miaka ya chama kimoja, gazeti la Uhuru na la Kiingereza lililokuja kuwa Daily News yalichapa matokeo siku chache baada ya kura. Magazeti ya Ngurumo yatawafikisha katikati ya miaka ya 1970. Yanapatikana Nyaraka za Taifa, Upanga, na kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo ya siku ya kwanza ni ya awali, basi someni magazeti ya wiki nzima, kwa kuwa masahihisho huja siku ya tatu au ya nne katika ukurasa wa ndani. Mahakama nayo isisahauliwe. Penye kesi ya kupinga matokeo, hukumu hueleza vituo kwa majina, fomu kwa namba na ushahidi wa mawakala, na nyingi sasa zinasomeka bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Majina yatafuteni kwa tahajia zaidi ya moja: Ridhiwani na Ridhiwan, Said na Saidi.

Wazee wahojiwe mwishoni, mkiwa tayari na jedwali lenye mapengo, na msiwaulize mwaka. Ulizeni ilikuwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji, kabla au baada ya vijana kurudi kutoka vita vya Kagera. Uchaguzi wa 1975 umekaa baada ya watu kuhamishiwa vijijini, wa 1980 baada ya vita. Ulizeni alama, siyo chama. Ulizeni kituo kilikuwa wapi na walitembea saa ngapi, maana hilo wanalikumbuka barabara kuliko idadi ya kura, na hakuna ripoti itakayowapa. Mzee akitaja idadi ya kura, iandikeni kwenye daftari la mahojiano, isiingie kwenye jedwali.

Kuhusu pa kuanzia: anzeni na 2015, mrudi nyuma. Mwaka huo una daftari jipya, ripoti, na fomu ambazo bado zimo mikononi mwa watu. Gawanyeni darasa makundi matatu, kila kundi lichukue kata tano, likajaze safu nne za hesabu kabla halijagusa jina la mgombea hata mmoja. Kisha 2010, kisha 2005. Kisanduku ambacho hamjapata taarifa yake wekeni kistari, msiweke 0, kwa sababu wako wagombea waliopata sifuri kweli kwenye baadhi ya vituo, na hao wanastahili yao.